Ruhusa, Idhini na Kibali: Historia ya Kutafuta Sarafu katika Ardhi ya Miji ya Pwani

1. Utangulizi

Sarafu za shaba za Kilwa hazina tarehe. Upande mmoja zina jina la mtawala, na upande wa pili zina maneno ya kumtegemea Mungu. Hazitaji mwaka wala mahali zilipotengenezwa. Kwa sababu hiyo, mtaalamu anayekabidhiwa sarafu moja bila kuelezwa ilikotoka anaweza kulisoma jina lililoandikwa, lakini hawezi kusema kwa hakika mwenye jina hilo alitawala lini. Jibu la swali hilo halimo katika sarafu. Limo katika udongo ulioizunguka.

Jambo hili ndilo linalolifanya suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kiofisi tu kuwa suala la historia. Vyombo vya kutambua metali, ambavyo wachimbaji wadogo wa dhahabu huviita ditekta, si tena mali ya majeshi na makampuni makubwa peke yake. Mtu mwenye chombo hicho anapotaka kupita nacho katika kiwanja cha wazi cha mji, ufukoni au kando ya magofu, hana budi kuomba ruhusa. Aiombe kwa nani? Kwa halmashauri inayosimamia kiwanja? Kwa idara ya mambo ya kale? Au kwa wazee wa mtaa ambao makaburi ya jamaa zao yako hapo?

Mhadhara huu unafuatilia historia ya swali hilo katika pwani ya Tanzania na Kenya, na kulinganisha na nchi nyingine pale inapobidi. Hoja yake ni kwamba ruhusa inayoombwa si moja bali ni tatu. Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kuzitofautisha, yaani ruhusa, idhini na kibali, ingawa katika matumizi ya kila siku maneno hayo hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

2. Sarafu na udongo wake

Umuhimu wa udongo unadhihirishwa vizuri na mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 iligunduliwa huko akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala waliokuwa na makao yao Misri. Akiba hiyo ilichunguzwa na Mark Horton na wenzake. Miongoni mwa sarafu za fedha zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, jina ambalo linajulikana pia katika sarafu za shaba za Kilwa, na ambalo wanahistoria wamelihusisha na masimulizi ya kuja kwa Washirazi. Kabla ya hapo Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuwa amemweka mtawala huyo takriban mwaka 1200. Sarafu za Mtambwe hazikuwa na tarehe, lakini dinari zilizozikwa pamoja nazo zilikuwa nazo, na tarehe hizo zilikuwa za karne ya 11. Hivyo utawala wa Ali bin al-Hasan ulirudishwa nyuma kwa zaidi ya karne moja, na historia ya mwanzo wa Kilwa ikalazimika kuandikwa upya.

Ni vema kutambua kilicholeta mabadiliko hayo. Sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwa zimejulikana na kuchapishwa tangu zamani. John Walker wa British Museum aliandika juu ya sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936. Kilichokuwa kipya ni ujirani: dinari yenye tarehe na sarafu isiyo na tarehe zilikutwa mahali pamoja. Lau mtu mmoja angezichukua dinari kwa ajili ya dhahabu yake na mwingine akaziuza sarafu ndogo mojamoja, kila sarafu ingalikuwapo hadi leo, lakini ushahidi usingekuwapo.

Mfano wa pili unaonyesha hasara hiyo. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kadhaa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa, na nyingine zilikuwa za Kiholanzi. Alizihifadhi kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kuzifikisha kwa wataalamu, pamoja na ramani aliyotia alama ya mahali alipoziokota. Tangu hapo wataalamu wameuliza zilifikaje huko. Je, zililetwa na chombo kilichovunjika? Na mabaharia waliozitumia kama vitu vya thamani ya kumbukumbu tu? Mwaka 2013 msafara wa watafiti ulirudi visiwani kutafuta majibu, lakini swali halijafungwa. Isenberg hakuwa mwizi wala mharibifu. Aliokota alichokiona na akakitunza. Lakini mahali pa sarafu palibaki alama juu ya karatasi, na alama hiyo haiwezi kueleza kilichokuwa juu, chini na kando ya sarafu hizo.

Kwa wanafunzi wa lugha suala hili lina uzito wa pekee. Barua za Kilwa za miaka ya 1711 hadi 1728, zilizohifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yaliyobaki. Kabla ya hapo mtafiti wa maandishi ya pwani ana nakshi za misikiti na makaburi, na ana sarafu. Lugha ya sarafu hizo ni Kiarabu, lakini zilitengenezwa pwani, kwa ajili ya soko la pwani. Tena maneno ya upande wa pili yalichaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na jina la mtawala wa upande wa kwanza. Hivyo sarafu moja iliyogeuzwa mkononi ilikuwa na mizani ya pande mbili na kina kimoja. Anayetaka kujua kupenda vina kulianza lini katika miji hiyo ana haja ya kujua sarafu hizo ni za lini. Na ili ajue ni za lini, anahitaji udongo wake.

3. Ardhi ni ya nani?

Swali la mwenye ardhi halikuletwa pwani na wakoloni. Miji ya Waswahili ilifuata madhehebu ya Shafi, na fikihi ya Shafi ina mafundisho ya wazi kuhusu vitu vinavyokutwa ardhini. Hazina iliyozikwa kabla ya Uislamu huitwa rikazi, na aliyeipata hutakiwa kutoa sehemu moja ya tano yake. Lakini hazina yenye alama za Kiislamu si rikazi. Hiyo huhesabiwa kuwa ni kitu kilichopotea na kuokotwa, na mwenye kukiokota hutakiwa kukitangaza kwa mwaka mzima ili mwenyewe ajitokeze. Aidha, fikihi inatofautisha ardhi mfu, isiyo na mwenyewe, na ardhi inayomilikiwa. Kwa kigezo hicho sarafu ya Kilwa, yenye jina la mtawala Mwislamu na maneno ya kumtaja Mungu, isingekuwa mali huria ya mwenye bahati. Ilikuwa ni amana ya mtu asiyejulikana.

Ukoloni ulibadili swali. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mmiliki katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni ya dola. Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Baada ya uhuru msingi huo haukuachwa, bali ulipewa maana nyingine. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinaeleza kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaweka sehemu ya ardhi ya umma mikononi mwa serikali za kaunti kwa niaba ya wakazi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia.

Matokeo yake ni kwamba, kwa Tanzania, maneno "ardhi ya jiji" hayana maana ile yaliyo nayo Marekani. Huko mji unaweza kumiliki bustani kama mtu binafsi anavyomiliki shamba, na idara za bustani katika miji kama New York na Chicago hutoa vibali vya maandishi kwa wenye vyombo vya kutambua metali na kupanga masharti ya matumizi yake. Halmashauri ya mji wa Tanzania husimamia kiwanja cha wazi. Inaweza kumruhusu mtu kuingia, kufanya mkutano au kuweka kibanda. Lakini haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Mamlaka juu ya kitu cha kale kilichomo ndani ya udongo yako mahali pengine.

4. Sheria za malikale

Mahali hapo pengine pana historia yake. Zanzibar ilipata sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1927, na Tanganyika ikafuata mwaka 1937. Mwaka 1957 iliundwa idara ya mambo ya kale ya Tanganyika, na Chittick akawa mkuu wake wa kwanza. Sheria inayotumika Tanzania Bara hadi sasa ni ile ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inakataza mtu kutafuta vitu vya kale kwa kuchimba au kwa njia zinazofanana na hiyo bila leseni, na inamtaka aliyegundua kitu cha kale kutoa taarifa.

Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 iko wazi zaidi kwa mwenye chombo cha kutambua metali. Inadai leseni ya uchunguzi si kwa anayechimba tu, bali hata kwa anayetafuta kwa kazi zinazofanyika juu ya ardhi, na inahusu maeneo yaliyohifadhiwa na yasiyohifadhiwa. Mtu hawezi basi kujitetea kwamba hajashika jembe.

Utetezi huo hauna nguvu hata kwa mujibu wa namna chombo kinavyofanya kazi. Mkondo wa umeme katika koili huzalisha uga sumaku. Uga huo ukikutana na metali huamsha mikondo midogo ndani yake, nayo mikondo hiyo hurudisha ishara inayosikika kama mlio. Chombo chenyewe hakigusi udongo. Lakini mlio hauelezi kama kilichomo ni sarafu ya karne ya 14 au ni kifuniko cha chupa ya soda. Njia ya kujua ni kuchimba, na chombo cha kawaida hutambua sarafu iliyo karibu na uso wa ardhi, takriban sentimita 30 au pungufu. Katika Songo Mnara, mji uliokaliwa kwa muda wa karne moja na zaidi kidogo kisha ukahamwa, tabaka zenye ushahidi ziko karibu mno na uso wa ardhi. Uchunguzi ulioanza huko mwaka 2009 chini ya Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones ulionyesha kwamba sarafu nyingine zilikuwa zimetapakaa karibu na makaburi, na watafiti wakazihusisha na desturi za kuwakumbuka wafu. Mtafutaji angesikia milio. Asingejua kwamba amepita katikati ya ibada.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1989, inamtaka anayetumia chombo hicho kutafuta vitu vya historia au akiolojia apate kwanza kibali cha mkuu wa serikali wa eneo husika. Uingereza inakataza, kwa sheria ya mwaka 1979, kukitumia katika maeneo yaliyohifadhiwa bila idhini ya maandishi; kwingineko idhini ya mwenye ardhi inatosha. Lakini Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inamlazimisha anayepata hazina kuitolea taarifa katika siku 14, na hazina ikichukuliwa na makumbusho, aliyeipata na mwenye ardhi wanaweza kulipwa. Mfumo huo umeleta taarifa nyingi kutoka kwa watu wa kawaida. Umefanikiwa kwa sababu kuna maofisa wa kuzipokea taarifa na fedha za kulipia. Nchi isiyo na hayo haiwezi kuiga nusu ya mfumo na kutarajia matunda ya mfumo mzima.

5. Hela, rupia na mwaka 1863

Katika Tanzania, hata hivyo, wengi wanaotafuta metali ardhini hawatafuti sarafu za Kilwa. Wanatafuta "mali ya Mjerumani". Imani kwamba Wajerumani walizika dhahabu na fedha zao walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza vya Dunia imeenea sana. Mbegu ya ukweli haikosekani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Kuanzia mwaka 1904 rupia iligawanywa katika heller 100. Na mwaka 1916, bandari zikiwa zimefungwa na vita, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo zilitengenezwa Tabora. Neno heller limebaki katika Kiswahili kama hela, na leo Mtanzania hulitumia kwa fedha yoyote, hata isiyo ya sarafu. Anayezunguka na chombo akitafuta rupia za Mjerumani anatafuta hela kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo.

Hapa sheria inaonyesha ufa. Sheria ya mwaka 1964 inaweka mpaka wa vitu vya kale katika mwaka 1863. Rupia ya mwaka 1890, kwa kigezo cha tarehe peke yake, si kitu cha kale. Sheria ya Kenya ina mpaka wa mwaka 1895, ambao ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake huko. Sheria ya Uingereza, kwa upande wake, kwa vitu vingi huhesabu miaka 300 kurudi nyuma kutoka siku kitu kilipopatikana, na hivyo mpaka wake husogea kadiri miaka inavyopita. Mpaka wa Tanzania umesimama. Mwaka 1964 rupia ya 1890 ilikuwa na umri wa miaka 74. Sasa umri wake umepita miaka 130, lakini mbele ya kigezo hicho bado ni changa. Ni kweli kwamba Waziri ana uwezo wa kutangaza vitu na maeneo mengine kuwa hifadhi. Lakini tangazo huhitaji mtu aliyekwisha kukiona kitu, ilhali mtafutaji huhitaji usiku mmoja tu.

Tena shimo halichagui karne. Anayetafuta rupia ya mwaka 1904 karibu na boma la Kijerumani katika mji wa pwani anaweza kupasua tabaka la karne ya 15 lililo chini yake. Kwa hiyo kinachostahili kuulizwa kabla ya kutoa kibali si mwombaji anatafuta nini, bali ni nini kilichomo mahali anapotaka kutafuta.

6. Maneno matatu

Maneno yaliyotajwa mwanzoni yanasaidia kupanga jambo hili. Ruhusa linatokana na Kiarabu rukhsa, ambalo katika fikihi ni tahafifu: kuondolewa kwa hukumu ambayo, kwa kawaida, ingemfunga mtu. Ruhusa basi inatanguliwa na katazo. Idhini, kutoka idhn, hutolewa na mwenye haki juu ya kitu au mtu, kama vile mwenye nyumba au walii wa bibi harusi. Kibali lina mzizi mmoja na kukubali. Kabla ya kuwa jina la karatasi yenye muhuri, lilikuwa na maana ya kukubalika kwa mtu, na maana hiyo bado ipo pale inaposemwa kwamba fulani amepata kibali machoni pa watu.

Mtu anayetaka kupita na chombo chake katika kiwanja cha mji ana haja na yote matatu. Anahitaji idhini ya anayesimamia ardhi. Anahitaji ruhusa ya dola, ambayo imekataza na ndiyo peke yake inayoweza kuondoa katazo. Na anahitaji kibali kwa maana yake ya asili, yaani kukubaliwa na watu wa mahali pale. Sheria zimeshughulikia mawili ya kwanza. La tatu zimelipa sura moja tu: sheria ya Kenya, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na elimu na uzoefu, na huweza kumtaka aonyeshe kwamba anaungwa mkono na taasisi yenye sifa. Huko ni kukubalika mbele ya wasomi. Kukubalika mbele ya wenyeji hakukuandikwa.

Upungufu huu umezaa uchungu usiosemwa. Kabla ya mwaka 1960 nyingi kati ya sarafu za Kilwa zilizowafikia wataalamu ziliokotwa juu ya ardhi, baada ya mvua au mawimbi kuzifichua. Aghalabu waliookota ni wenyeji, lakini majina yanayokumbukwa ni ya waliozichapisha. Kisha ikaja sheria, na mkono ule ule uliookota ukawa mkono wa mkosaji, wakati mgeni mwenye barua ya chuo akipewa leseni. Sheria ilikuwa na sababu nzuri, kama mfano wa Mtambwe unavyoonyesha. Lakini sababu hiyo haikuelezwa kwa lugha ya wale waliokatazwa. Mtu aliyeambiwa tu kwamba sarafu ni mali ya serikali ataona amenyang'anywa. Aliyeelezwa kwamba sarafu ikiondolewa mahali pake mji wake unapoteza tarehe yake, ana sababu ya kuiacha ilipo na kumwita anayehusika.

Wenyeji wa pwani hawakosi msingi wa kulielewa jambo hilo. Magofu mengi huheshimiwa kama mizimu au mahali pa kuombea dua, na mgeni hutarajiwa kupiga hodi kwa wazee kabla ya kuingia. Utafiti mwingi umeanza kwa hodi hiyo, ingawa haimo katika fomu yoyote. Hodi haitoi haki ya kuchukua kitu. Ni kukiri tu kwamba mahali pana wenyewe.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba pwani imepitia sheria tatu za vitu vya ardhini: fikihi iliyouliza mwenye kitu ni nani, sheria ya kikoloni iliyouliza mwenye ardhi ni nani, na sheria ya malikale inayouliza nani anastahili kutafuta. Hakuna hata moja iliyofuta kabisa iliyotangulia. Mwombaji anayeelekezwa kutoka ofisi moja hadi nyingine huona usumbufu, lakini kwa hakika anatembea ndani ya historia hiyo.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mpaka wa mwaka 1863 unastahili kufikiriwa upya, na badala ya mwaka uliosimama uwekwe umri unaosogea na wakati, ili rupia na hela zihesabiwe nazo kuwa historia. Pili, wataalamu wa Kiswahili wana kazi ambayo wanasheria hawawezi kuifanya peke yao. Sheria za malikale zilitungwa kwa Kiingereza, na zinamfikia mkazi wa Kilwa au Lamu kama katazo tupu. Zikiandikwa kwa Kiswahili kinachotenganisha idhini, ruhusa na kibali, na kinachoeleza kwa nini udongo una thamani kuliko sarafu, huenda aliyeokota sarafu baada ya mvua akawa mtu wa kwanza kuilinda, na jina lake likaandikwa pamoja nayo.